Kurasa Arobaini za Mwingereza

Jumatatu, 3 Februari
Mama Benedicte, direkta wa shule yetu, anatafuta mwalimu wa kuwajulisha wanafunzi wa mwaka wa mwisho maandishi ya Mwingereza mmoja wa karne ya kumi na tisa, mtunzi wa insha na historia. Atakayefaulu ataenda semina Bujumbura, siku mbili, hoteli yenye kutazama ziwa. Nimenyoosha mkono kabla ya Ndayisaba wa historia. Nimesema nilimsoma ukimbizini Tanzania. Sijawahi kumsikia.

Jumanne, 4
Nimefungua insha. Sentensi ya kwanza imeanzia juu ya ukurasa. Nimekwenda kunywa chai, nikarudi. Bado haijaisha. Ndayisaba ameuliza kama nahitaji msaada. Nimemwambia huu ni usomaji wangu wa tatu.

Jumatano, 5
Nimepata akili. Kurasa arobaini, wanafunzi arobaini. Kila mmoja nimempa wake, kesho aje anieleze. Watasoma wao, nitajua mimi.

Alhamisi, 6
Thelathini na tisa wamesema ukurasa wao ni mgumu. Yudita peke yake amesoma, tena zote, kwa kuazima za wenzake. Anasema kwa Mwingereza huyu, historia ni maisha ya watu wakubwa. Kisha akauliza, "Mwalimu, na mama yangu anayeanika visamaki vya ndagala, historia yake iko wapi?"
Darasa limecheka. Nimemjibu kwamba hilo haliko kwenye programu.

Ijumaa, 7
Somo mbele ya direkta na Ndayisaba. Ameuliza mwandishi anaishia wapi. Nimesema alifariki. Amesema anaulizia insha. Yudita amejibu vizuri, kisha akarudia swali lake la ndagala. Ndayisaba amevuta kiti, akasema baba yake alivua miaka thelathini na hakuna karatasi yenye jina lake. Wameongea mpaka kengele. Mimi nimefuta ubao, ambao haukuwa na kitu.

Jumamosi, 8
Yudita atakwenda kuzungumza Bujumbura. Atasindikizwa na Ndayisaba. Mama Benedicte ameniita pembeni, akasema kwa upole, "Mwalimu Alimasi, siku nyingine usome." Nimeona haya. Chakula cha mchana kimenishinda.

Jumatatu, 10
Direkta anatafuta mtu wa kufundisha mshairi Mwingereza. Nimenyoosha mkono. Mashairi ni kazi nyepesi. Mistari yenyewe haifiki ukingoni mwa karatasi. Nimempa Yudita anisomee kwanza.