Bei ya Yai la Mama Elifuraha

Ijumaa, 6 Juni 2003
Moshi mjini, kwa Anisha, mwenye duka la intaneti. Nusu saa shilingi mia tano. Nimeanza somo la uchumi na fedha za nyumbani. Linatolewa bure, ukiacha mia tano, na nauli ya kutoka Mwika. Kurasa kumi na mbili za Kiingereza. Kamusi nilikuja nayo. Ukurasa wa kwanza ulichukua dakika ishirini kufunguka. Unasema bei ya kitu ni kile ambacho mnunuzi yuko tayari kukitoa. Nimenakili. Muda ukaisha. Anisha akanishauri nirudi kwa ukurasa wa pili, maana wateja wake wengi huishia wa kwanza. Nikamwambia huo mmoja unanitosha.

Jumapili, 8 Juni
Ibada, kisha mnada wa sadaka uani mwa kanisa, kama kila Jumapili. Ndizi, maziwa, kuku. Likaja yai moja la Mama Elifuraha. Jirani yangu Aminieli, mwenye ng'ombe wanne na kifua cha kuonyesha, akalinunua elfu mbili, akalirudisha linadiwe tena. Likaishia elfu tatu. Yai! Dukani ni shilingi mia. Miaka arobaini nimesimama kwenye mnada huu kama kipofu. Wanunuzi wa Mwika wako tayari. Mjinga akierevuka, Aminieli yupo mashakani.

Jumanne, 10 Juni
Mke wangu Martha ana kopo. Ndani elfu tisini, ndizi za miaka miwili alizouza sokoni. Ni za kununua ng'ombe mtamba wa Aminieli, na mwisho wa kulipa ni Jumatatu ijayo. Banda ameshajenga, kwa mikono yake. Sikumwomba hizo hela. Ukurasa wa kwanza hausemi popote kwamba mke aombwe. Nikashuka Bomang'ombe, trei arobaini, elfu themanini na nne. Mayai elfu moja mia mbili. Nimeyaficha stoo, nyuma ya magunia ya kahawa. Nitauza elfu moja kila yai, theluthi ya bei ya kanisani. Nawaonea huruma.

Jumapili, 15 Juni
Nilipanga trei langoni mwa kanisa. Mnadani yai likaenda elfu mbili na nusu, nikasikia kwa masikio yangu. Watu wakatoka, wakauliza bei, wakacheka, wakapita. Mama Elifuraha akanieleza taratibu, kama anayemweleza mgonjwa, kwamba kule ndani mnunuzi alikuwa anampa Mungu, hapa nje angekuwa ananunua yai. Akachukua matatu kwa mia mia. Kisha akatoka Martha na binti yetu Ruth. Akazitazama trei, moja baada ya nyingine, mpaka ya mwisho. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 16 Juni
Aminieli alikuja kuchukua hela za mtamba. Martha akamwambia mbele yangu kwamba zimekuwa mayai. Aminieli hakucheka, nikamchukia zaidi. Akanunua yote yaliyobaki kwa arobaini arobaini. Ana hoteli mjini inayoyachukua kwa tisini. Imepatikana elfu arobaini na saba na mia nane. Mtamba kauziwa mtu wa Marangu kabla ya saa sita. Martha akasimama kwenye banda lake tupu kwa muda mrefu. Kisha akafunga nguo, akamshika Ruth mkono, wakaenda kwa baba yake. Nimekula mayai mawili niliyoyasahau stoo. Nimelia, naandika ilivyo.

Jumatano, 18 Juni
Nimekata jani la isale mpakani mwa kihamba, shamba letu la ukoo, nikaenda kwa mkwe. Kwetu jani hilo halikataliwi. Aliyekosewa akiletewa, husamehe. Shikamoo yangu ilitoka nyembamba. Mzee Eliezeri akalitazama jani, akanitazama mimi, akamwita binti yake. Martha akalipokea kwa mikono miwili. Akasema mila inamlazimu kusamehe, haimlazimu kuniamini. Tukarudi nyumbani, yeye mbele na Ruth, mimi nyuma na mzigo.

Alhamisi, 19 Juni
Martha anapika. Kopo halipo, amelipeleka kwa mama yake. Kwenye banda ameweka kuni. Kila nikipita pale moyo unaniuma, kweli unaniuma.
Lakini leo nimeutazama mpaka wetu vizuri. Isale tupu, kutoka barabarani hadi mtoni. Halipaliliwi, halinunuliwi, na limenirudishia mke. Mjini Moshi waume wakosaji ni wengi, na mipaka yao ni ya ukuta. Je, mtu kama huyo yuko tayari kutoa nini? Ukurasa wa pili utasubiri. Nimekata mafungu thelathini ya kupeleka mjini, na jani moja nimelificha stoo kwa ajili ya Martha. Hiyo ndiyo inayoitwa akiba.