Kalamu Iliyochukia Mayai

Bwana Vipimo hakwenda kliniki ya watoto kutafuta mgonjwa. Alikwenda kutafuta pa kukaa. Jua lilikuwa kali, benchi la kliniki lilikuwa chini ya feni, na yeye alikuwa amevaa koti jeupe ambalo, tuseme tu, lilimjia kutoka kwenye kamba ya kuanikia ya mtu. Hata miayo ya kwanza haijamtoka, mama mmoja akamgeukia na mtoto mapajani.

"Samahani, daktari. Mwanangu ana miezi kumi. Ona ukurutu huu, mashavuni, viwikoni, nyuma ya magoti. Anajikuna mpaka damu. Nimeambiwa huenda ana mzio wa chakula, lakini daktari wa mzio anakuja baada ya wiki tatu."

Mtu mwingine angesema, mimi si daktari. Bwana Vipimo aliwahi kusema hivyo mara moja maishani, na hakupata kitu.

"Wiki tatu? Mtoto huyu? Haiwezekani! Nitakuja nyumbani mwenyewe. Na sitaki hata senti."

Hapo ndipo alipomnasa. Mtu asiyetaka pesa, utamshuku kwa lipi?

Mama yule alikuwa fundi cherehani, akishonea chumba cha mbele, mkeka wa mtoto ukiwa mbali na vumbi la vitambaa. Mama mkwe wake, Bibi, alifuga kuku uani. Mjukuu wake huyo, Bibi hakumwita jina lingine ila "mume wangu", kwa hiyo ugonjwa ule ulimuuma kama mke halali.

Bwana Vipimo akatoa kalamu yenye taa, ya aina wanayochezea watoto. Ukiiwasha, kijani. Ukibonyeza kitufe chini ya kidole gumba, nyekundu. Lakini Bibi hakuona kitufe. Aliona sayansi.

"Leteni vyakula vyote vya humu ndani."

Vikapangwa mezani. Kabichi, kijani. Uji mtupu, kijani. Mayai, nyekundu! Samli, nyekundu! Maziwa na karanga, nyekundu tupu. Alipoletewa jogoo, mzima na kafungwa miguu, kalamu iliwaka kabla hata haijamfikia.

"Huyu ndiye kiongozi wao," alisema kwa huzuni. "Sheria ni moja: kilichowaka nyekundu kisilale ndani ya nyumba hii. Kisiuzwe, wala jirani asipewe. Nitakwenda kukiangamiza mwenyewe."

"Utakiangamizaje?" fundi aliuliza.

"Kwa moto, dada. Na chumvi kidogo."

Ikawa hivyo kila Jumanne. Bwana Vipimo akanawiri, mashavu yakamjaa. Mtoto akabaki na uji na kabichi.

"Mama, anajikuna vilevile," fundi alimwambia mkwewe. "Na sasa mbavu naziona."

"Vumilia, mwanangu. Vipimo havina haraka."

Fundi alilia juu ya cherehani, akafuta macho kwa kipande cha kitambaa, akaendelea kushona. Alikuwa na hofu ya kweli. Akimpa mtoto yai, huenda akamuua. Asipompa chakula, atamkausha kwa mikono yake mwenyewe.

Jumanne ya tatu, kopo la samli lilifumua mfuko wa koti la daktari.

"Vua nikupigie cherehani mara moja," fundi alisema.

Akavua, akamfuata Bibi uani kukamata kuku mwingine. Fundi akapindua koti. Pindo lilikuwa la uzi mweupe, isipokuwa vidole vinne vya mwisho, uzi wa bluu. Akaganda. Siku aliyoshona koti hilo uzi mweupe ulimwishia, na koti lilikuwa la muuza nyama wa pale kona, ambaye mwezi mzima alikuwa akimlaani aliyemwanulia.

Akaitoa kalamu mfukoni, akaiwasha. Akabonyeza kitufe, nyekundu. Akaachia, kijani. Tusi lililomtoka sitaliandika hapa, lakini lilimstahili mwenyewe. Kisha akachukua kipande cha sindano iliyovunjika, akakishindilia pembeni mwa kitufe mpaka kikakwama ndani. Akampigia simu muuza nyama.

Bwana Vipimo aliporudi na kuku kwapani, koti lilikuwa tayari.

"Daktari, kabla hujaondoka, tupimie tena kabichi. Nina wasiwasi nayo."

Kalamu ikawaka nyekundu. Akaitikisa. Akaupima uji, nyekundu. Maji ya kunywa, nyekundu.

"Betri hii," alisema, jasho likimtoka.

"Wiki iliyopita ulituambia haina betri."

Fundi akamshika mkono, akaigeuza kalamu ikamwelekea yeye mwenyewe kifuani. Nyekundu.

"Mama, sheria inasemaje?"

Bibi akaitazama kalamu, akamtazama kuku, akamtazama mume wake mkekani akijisugua shavu begani. Vyote vikamwingia kwa mpigo.

"Kilichowaka nyekundu," alisema akiokota ufagio, "kisilale ndani ya nyumba hii!"

Bwana Vipimo alitoka mbio bila kuku na bila kalamu. Koti nalo lilimponyoka mlangoni, mikononi mwa muuza nyama, aliyetaka kuzungumza naye kidogo. Kwa alivyokuwa akikimbia, mazungumzo hayakumvutia.

Alhamisi, daktari wa mzio alifika kliniki kweli, mama mmoja mpole. Akamdondoshea mtoto matone ya vyakula mbalimbali mkononi, akaichoma ngozi kidogo chini ya kila tone, akasubiri robo saa.

"Ngozi ipakeni mafuta mara nyingi, na dawa hii kwenye vidonda. Maziwa, karanga za kusaga laini, kuku, mrudishieni vyote. Nani aliwaambia mumnyime? Kilichovimba ni kimoja tu."

"Kipi?" fundi aliuliza.

"Yai. Hilo asile mpaka nimwone tena."

Walipofika uani, Bibi akasimama mbele ya banda la kuku.

"Kwa hiyo yule mwizi alisema kweli?"

"Kwenye mayai tu, mama. Na hata yeye hakujua."

Bibi akawaza. Akamkabidhi fundi mume wake, akauchukua ufagio.

"Mayai nimemsamehe," alisema akitoka. "Namfuata kwa ajili ya jogoo."