Njoo Uchukue Televisheni Yako

Nyumba ya Zadock, Ghorofa ya Tatu,
Eagan, Minnesota.
Jumamosi, 2 Mei 2020.

Kwa Bwana Gilbert Wanjohi,
Maplewood.

Bwana,

KUH: TELEVISHENI, VITABU NA REDIO ULIVYOVIACHA MLANGONI UKAKIMBIA

Wewe ni mwanangu, lakini leo nakuandikia kiserikali, kwa sababu kwenye simu unasema sawa Baba, sawa Baba, kisha unakata. Barua haikatwi. Na usidhani sijui kuandika. Mimi nilitoka darasa la nne nikiwa wa pili, na wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu, kwa hivyo hesabu mwenyewe.

Nilikuja Januari kumwona mjukuu, nirudi Nyahururu kabla ya Pasaka. Ndege zikafungwa. Ukasema muuguzi wa wodi ya korona hawezi kukaa nyumba moja na mzee wa miaka sabini na sita, ukanileta hapa kwa rafiki yako Zadock, ambaye naye amekwama Kenya. Yeye yuko kwetu, mimi niko kwake. Sikulalamika. Sasa ndio nalalamika.

1. Vitabu. Umeleta kumi na kimoja ati nipitishe wakati. Nimevimaliza, kwa kidole na kwa sauti, hata vile vya Kiingereza ambavyo nilivisoma bila kuvielewa, na kuna maprofesa wasioweza hivyo. Lakini kile cha mjane wa shamba la chai kinaishia mjane amesimama mlangoni, barua mkononi, hajaifungua. Chini wameandika: mwisho wa sehemu ya kwanza. Sehemu ya pili iko wapi, Gilbert? Yule mama amesimama tangu Jumapili iliyopita. Chakula hakinishuki.

2. Televisheni. Kila nikiwasha ni Wazungu wazima wanaoka keki, keki inaanguka, wanakumbatiana na kulia. Kwetu keki ikianguka inaliwa. Hayo nimevumilia. Nisilovumilia ni kwamba nikishatazama kwa muda, kioo kinakuwa cheusi na kuniuliza kwa maandishi, Serah alinitafsiria kwenye simu, kama bado nipo. Mimi! Katika kiti nilichokalia tangu asubuhi! Hata chifu hakuwahi kuniita jina kwenye orodha kama mtoto wa shule. Najibu kwa heshima kwamba nipo, tena kwa sauti, nayo inangoja tu mpaka nibonyeze rimoti. Juzi iliniuliza mara sita. Siku hiyo hakuna mtu mwingine aliyeniuliza.

3. Redio. Hiyo ya mviringo unayoiamuru kwa mdomo inatii kuliko watoto wangu wote wanne. Lakini haijui kuimba na mtu. Mimi ndiye besi iliyotikisa vioo vya kanisa letu miaka thelathini, waulize. Nikivuta pumzi, yenyewe inaendelea mbele. Nikiwa mbele, hainifuati. Na jirani wa chini hugonga dari yake kwa ufagio, nje kabisa ya mdundo. Besi bila teno ni punda bila mkokoteni, na teno yangu unamjua ni nani, ndiye anayesoma barua hii.

4. Hili ndilo zito. Kila Jumamosi unaacha vitu mlangoni, unabonyeza kengele, unakimbilia garini na kunipungia mkono kama mgombea ubunge. Mimi nimeshapika chai. Mama yangu Wairimu, ambaye binti yako amebeba jina lake, alitufundisha kwamba chai iliyomiminiwa mgeni hairudi kwenye sufuria. Basi nakunywa yangu. Nakunywa yako. Nakunywa ya mkeo Serah na ya Wairimu mdogo, pamoja na sukari zao. Vikombe vinne. Daktari alinikataza sukari, wewe ukiwepo, ukatikisa kichwa kukubali. Kwa hivyo anayeniharibia damu si korona. Ni muuguzi mwenye cheti, kwa kukataa kuketi.

5. Kutokana na hayo nimeamua kurudisha kila kitu. Televisheni nimeitia katika katoni yake. Ningeiteremsha peke yangu, maana nikiwa kijana nilibeba jiwe la kusagia mlima mzima bila kupumzika, na waliopumzika wamekwisha kufa. Lakini kwenye katoni wamechora watu wawili wakiinua pamoja, na mimi si mtu wa kuvunja sheria ya katoni. Lazima uje. Aliyebeba huchoka, aliyechoka hupumzika, anayepumzika huketi, na aliyeketi hupewa chai. Hiyo si amri yangu, ni mpangilio wa mambo.

Nangoja utekelezaji leo saa tisa alasiri, saa yako ya kila Jumamosi. Barakoa unaweza kuvaa, utaishusha kwa kunywa.

Nisalimie Serah, na Wairimu, umwambie anijibu kwa Kiswahili hata kama ni neno moja. Salamu kwa majirani zako na kwa mbwa wao asiyenipenda. Zadock naye mwambie maua yake yako hai, isipokuwa mawili.

Mimi, baba yako mzazi,
Naftali Wanjohi,
wa pili darasani.

Nyongeza: Serah amepiga simu sasa hivi. Kumbe tangu Jumatatu unalala gereji, peke yako, kwa sababu wenzako wawili wa wodini wameugua. Kumbe hukimbii chai yangu, unakimbia usiniambukize. Basi usipande juu. Futa namba tano. Katoni utaikuta chini kwenye mlango wa nje, barua hii juu yake. Nimeiteremsha peke yangu, wale wa kwenye picha ni watu dhaifu. Kamba ya umeme iko ndani, pamoja na redio, kitabu cha mjane na chupa ya chai, sukari nimeweka ya watu wawili. Nitakuwa dirishani. Ukiiwasha huko gereji, baada ya muda itakuuliza kama bado upo. Usinune kama mimi. Ijibu, Gilbert, kwa sauti, kila mara.