Jiko la Pili Juu ya Paa

Jumanne, 1 Agosti
Nimekasirika. Nimerudi chuoni leo, miaka kumi na mmoja tangu nigombane na msimamizi wa mtihani nikatoka zangu, mwaka wa mwisho. Wamenipokea! Nafasi ipo. Ila ada ilipwe kabla tarehe 14 haijaisha, au nilete barua ya msaada wa serikali. Nikikosa shahada, nitazeekea kwenye lango la duka la simenti la Kaka Harinarayan, nikiandika namba za malori. Nina miaka thelathini na mitatu. Sina mke wala cheo.
Jirani yetu Nandkishor alipata msaada mwaka jana. Nandkishor! Aliyekuwa ananakili kwangu darasa la sita! Amepita jioni na mkoba wake wa chuo begani, akaniuliza eti dukani kwetu misumari ipo?

Jumatano, 2 Agosti
Ili nipate msaada, wanataka kwanza hati ya kiapo ya miaka niliyopotea. Wakili wa viapo, yule wa taipureta mbele ya mahakama, akauliza nilikuwa nikifanya nini miaka yote hiyo. Nikisema dukani, nina kipato. Nikisema sikufanya kitu, mimi mvivu. Nikasema nilikuwa natafakari. Akanitazama weee. Akaandika. Akaongeza bei.
Kisha cheti cha kipato. Karani wa mtaa, Bwana Pachauri, hakuniruhusu hata nikae. Wanaokula kutoka jiko moja, alisema, kipato chao ni kimoja, na kaka yako ana malori mawili. Nikamuuliza, na yakiwa majiko mawili? Akasema basi hizo ni nyumba mbili, lakini atakuja kuliona hilo jiko kwa macho yake Jumatano ijayo.
Mwache aje.

Alhamisi, 3 Agosti
Nimejenga jiko la udongo juu ya paa kwa mikono yangu. Wakati wa chakula nikawatangazia wote kwamba kuanzia leo nimejitenga, ni kwa ajili ya serikali tu. Kaka akacheka hadi akapaliwa. Mama akauliza nani amenikosea. Shemeji Urmila, mke wa Kaka, hakucheka hata kidogo. Akaniondolea sahani mbele yangu, biringanya ikiwa nusu! Akasema yeye hamdanganyi afisa nyumbani kwake. Akiulizwa atasema kweli, kwa hiyo na iwe kweli.
"Umejitenga, shemeji? Hongera. Na chumvi ukanunue yako."
Mwanamke huyu ana roho mbaya.

Ijumaa, 4 Agosti
Mvua. Jiko liko juu ya paa. Sikulifikiria hilo.
Nimepika chapati chini ya mwavuli. Upande mmoja mbichi, wa pili makaa. Harufu ya kitunguu inapanda kutoka chini, na najua Shemeji anakikaanga makusudi, karibu na ngazi. Nimekula chapati tatu kwa hasira tupu.

Jumapili, 6 Agosti
Balaa! Nandkishor kauona moshi wangu. Kwa hapa, moshi wa pili kwenye paa moja maana yake ndugu wamechinjana. Kaeneza habari mtaa mzima kabla ya chai. Wanawake saba wamekuja kumpa Mama pole kama vile kuna msiba, na Mama, badala ya kuwaeleza, akalia nao. Mteja mmoja kamuuliza Kaka duka litagawanywaje. Kaka hacheki tena. Ameniuliza kwa sauti ya chini kama kweli kuna kitu nataka kumwambia. Nikamwambia aache kuniharibia.
Jioni ameshuka kwenye treni Shangazi Rampyari, dada wa marehemu Baba. Mjane, hana mtoto, hana hata mbuzi. Amekuja na godoro lake, kwa hiyo haondoki karibuni. Amesema hakuna nyumba ya kaka yake itakayovunjika yeye akiwa hai.

Jumatano, 9 Agosti
Nina hasira hadi kalamu inatoboa karatasi.
Saa tano asubuhi moto unawaka vizuri, mvua hakuna, mimi nimevaa shati lililochanika. Shangazi akapanda na ukoo mzima nyuma yake! Akamlilia Baba kwa sauti. Akatukumbatisha mimi na Kaka kwa nguvu. Nilimnong'oneza aniache, karani yuko njiani. Akadhani nalia. Akawaambia watu, "Mnaona? Damu ni damu!" Kisha akachukua nondo, akalipiga jiko langu hadi likawa vumbi.
Karani alikuwa amesimama mlangoni pa ngazi, anafuta machozi.
Nikapiga kelele kwamba sisi bado tumegombana, namchukia huyu kaka! Watu wakapiga makofi. Karani akashuka chini, akala chapati nne na biringanya, akaandika: "Familia imepatana. Jiko ni moja." Akagonga mhuri. Shemeji akampakulia tena!

Jumatatu, 14 Agosti
Asubuhi Kaka kanivuta pembeni na bahasha. Ada yote. Akasema angenipa tangu siku ya kwanza kama ningemwomba, alikuwa akingoja tu nifungue mdomo.
Nimekataa! Hivi mtu huyu ana akili? Nikiipokea, risiti itaonyesha kwamba kaka yangu ananilisha, na mwaka kesho sitapata msaada. Akasema mwaka kesho ningekuwa nimeshamaliza. Anajifanya anajua hesabu.
Dirisha la ada limefungwa saa kumi. Nilikuwa nimesimama ng'ambo ya barabara, nalitazama. Niliona aibu kidogo. Kisha hasira ikarudi.

Alhamisi, 17 Agosti
Ushindi! Kwenye ubao wa chuo kuna msaada mwingine, wa mwakani. Ni wa mtoto wa mjane asiye na mtu wa kumsaidia. Majiko hawaulizi. Mama ni mjane, sawa, lakini alishamzaa Harinarayan, na hapo alikosea. Shangazi Rampyari hana mtu.
Amekubali! Jumatatu tutaenda kwa wakili nikaape kwamba mimi ni mwanawe. Amefurahi, tangu adhuhuri ananiita mwanangu, na ameshanipa miguu yake niikande.
Mama alikuwa kwenye ngazi, akasikia. Akauliza kitu kimoja tu, watu wakimuuliza ana watoto wangapi, ajibu wangapi. Nikamwambia ajibu mmoja, asije akaniharibia kama wale wengine.
Akashuka. Chakula chake cha mchana bado kimefunikwa, hajakigusa.
Atazoea. Ni mwaka mmoja tu.