Bibi Ramani Aongoza Msafara

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Ijulikane kwa wote watakaokuja baada yetu kwamba leo asubuhi, nje ya duka la magari, gari lilimwambia fundi wa fremu za picha apinde kulia, naye fundi akapinda kulia. Fundi huyo ni mimi.

Gari jipya! Ni letu, mimi na mke wangu. Yaani ni la mke wangu. Mimi nilichagua rangi.

Katikati ya dashibodi kuna kioo. Si cha kujitazamia. Ndani yake umo mji mzima, kila uchochoro, na nyuma ya mji yupo mwanamke. Haonekani. Sauti yake ni ya mtu aliyelala vizuri na ambaye hajawahi kugombana na jirani. Anasema baada ya mita mia mbili pinda kushoto. Hafoki. Ukikosea, hasemi si nilikwambia. Anasema tu kwamba anatafuta njia nyingine, kisha anaitafuta kweli. Nimekaa katika ndoa miaka mingi, sijawahi kusamehewa haraka namna hiyo.

Nimempa jina: Bibi Ramani. Mke wangu naye amempa lake: mke mwenzangu. Akauliza kama mke mwenzake ndiye atakayepika leo, maana yeye ametoka zamu ya hospitali na miguu inamuuma.

Muuzaji alitupa kitabu cha maelekezo, kinene kama tofali. Nimekipeleka karakana. Kinakandamiza fremu niliyoitia gundi, na kwa kazi hiyo sijaona kitabu bora zaidi. Mambo yangu yote nimejifunza mwenyewe. Sitaanza kusomeshwa leo.

Sasa shabaha. Jumamosi kuna harusi. Binti wa dada yake mke wangu anaolewa, na msafara wa magari utamtoa kwao hadi ukumbini. Katika familia hii msafara una mwenyewe: shemeji yangu, kaka yake mke wangu, mpima ardhi mstaafu, mtu tunayemwita Dira. Hukaa kiti cha mbele cha gari la kwanza, dirisha wazi, mkono nje, akionyesha. Ameongoza harusi zote. Ameongoza misiba. Kuna siku aliongoza kabati la nguo.

Bibi harusi atapanda gari letu kwa kuwa ni jipya. Hilo limekwisha kukubaliwa. Lakini limekubaliwa pamoja na Dira kiti cha mbele. Hapo ndipo pananikaba.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimemtega Dira. Nimefurahi mpaka nimesahau kula.

Nilimpigia simu, nikamwambia shemeji, njoo ulione gari. Akaja na kofia yake ya kazini, ile aliyostaafu nayo. Akakitazama kile kioo kama mtu anayetazama jino bovu la mwenzake. Akasema yeye barabara za mji huu alizipima kwa miguu kabla hazijawa barabara, na kwamba hawezi kuelekezwa na redio.

Nikasema kwa unyenyekevu mkubwa: basi twende mpaka ukumbini, shemeji, wewe useme yako na Bibi aseme yake. Ukumbi wenyewe ni mpya, haumo kwenye ramani, nikaandika jina la shule iliyo karibu nao.

Tulipofika kwenye mzunguko Bibi akasema kulia. Dira akasema kushoto, kuna njia yangu ya mkato. Nikafuata ya Dira. Adabu kwanza. Bibi akaanza kutafuta njia nyingine bila kinyongo.

Njia ya mkato ilikuwa nzuri sana. Pana, kivuli safi, lami mpya. Mwisho wake ulikuwa ukuta. Ukuta mrefu, umepakwa chokaa, na juu yake paka amelala.

Dira alishuka. Akaugusa. Akasema haukuwepo. Nikasema sasa upo. Akasema hauna haki ya kuwepo, yeye mwenyewe aliweka mawe ya mpaka hapa. Paka akafungua jicho moja, akalifunga.

Tuliporudi Bibi akatupitisha njia yake, tukafika taratibu kama wageni wa heshima. Dira alifunga dirisha. Mkono aliuweka ndani. Kusema kweli nilimwonea huruma kwa muda wa mataa mawili hivi.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Kikao cha familia kwa mama mkwe. Nilisimulia habari za ukuta. Nilizisimulia vizuri. Nilimweka paka mwishoni.

Mama mkwe alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kanga, kisha uso ukawa mzito ghafla. Akasema msajili wa ndoa ana harusi nyingine mara baada ya yetu. Akikuta ukumbi mtupu anafunga mkoba wake na kwenda zake, na mjukuu wake atabaki na gauni. Kwa hiyo hataki kusikia habari za kuta. Akaniuliza: mwanangu, huyo mama yako wa kwenye gari ana hakika?

Nikaapa. Nikasema Bibi Ramani anazungumza na satelaiti, Dira anazungumza na kofia.

Hoja ikapita. Gari la kwanza: mimi. Kiti cha mbele: kitupu. Magari mengine yote yafuate gari lenye utepe, hata likienda wapi. Neno hilo la mwisho nililisisitiza mimi mwenyewe. Dira atakaa gari la nyuma kabisa, pikapu iliyobeba viti vya ziada.

Dira alisema sawa. Tu. Alipotoka alinipiga bega, akasema safari njema, shemeji. Sikuipenda sauti yake. Ilikuwa kama ya Bibi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Maandalizi. Siku hiyo hatutahitaji jina la shule. Nataka ukumbi wenyewe, mlango kwa mlango. Nikaendesha mpaka pale, nikaegesha mbele ya ngazi, nikafungua ile sehemu ya kuhifadhi mahali.

Bibi akaniletea picha tatu nichague: nyota, pampu ya mafuta na kijumba. Niliketi nikafikiri. Nyota, hapana, hatuendi mbinguni. Pampu, hapana. Kijumba kina paa, kina mlango. Ukumbi una paa, una mlango. Nikabonyeza kijumba.

Akaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo. Mwanamke akikuuliza kwa upole namna ile, ni utovu wa adabu kumjibu vingine.

Sasa popote nilipo, nikigusa kijumba, anasema twende, na tunakwenda ukumbini. Nimejaribu kutoka sokoni, nikajaribu tena kutoka kwa kinyozi. Kinyozi alitoka nje kuangalia. Nikamfungulia mlango asikilize. Alisikiliza mdomo wazi, kitambaa cha mteja mkononi, mteja ndani nusu amenyolewa. Akasema kaka, hii ni akili. Nikasema ndiyo. Akasema si yako lakini. Nikafunga mlango.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Leo mke wangu alikwenda kazini na gari. Amerudi alasiri amefura. Anasema alitoka zamu amechoka, akabonyeza kijumba, akajiachia mikononi mwa mke mwenzake, akajikuta mbele ya ukumbi wa harusi, mlinzi anamuuliza kama yeye ndiye bibi harusi.

Nikamwambia: umeona inavyofanya kazi!

Akasema ameshakirekebisha, hapa hapa uani, na nisikiguse tena. Nilikuwa nafuta kile kioo kwa kitambaa cha kufutia picha, kile laini, kwa hiyo sikuuliza amerekebisha nini. Nilidhani ni kiti. Kila akiendesha lazima akisogeze.

Nguo nimezifua na kuzianika. Suti imepigwa pasi. Utepe nimeufunga mwenyewe kwenye boneti kwa fundo la fremu, halifunguki.

Kesho, Dira na viti vyake!

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Naandika nimejifungia chumbani. Nje kuna watu.

Asubuhi ilianza vizuri kuliko ninavyostahili. Bibi harusi alipanda nyuma, gauni likajaza gari kama povu. Mama mkwe akapanda pembeni yake. Mke wangu alikuwa ametangulia ukumbini kupanga maua. Nilitangaza kwamba wakati wa safari tusiongee, ili Bibi asikatizwe. Nikatazama kioo cha nyuma: magari kwa foleni, taa zinawaka, na mbali kabisa, pikapu, na kofia.

Nikagusa kijumba. Bibi akasema twende.

Alitupeleka kwa madaha. Siwezi kusema vingine. Kila kona aliitaja mapema, kila tuta alilijua. Watu barabarani walipunga mkono. Pale kwenye mzunguko, baada ya duka la matairi, niliona pikapu inakata upande mwingine. Nikacheka kwa sauti. Dira na njia zake za mkato!

Mama mkwe akasema mwanangu, hii njia si inakwenda kwako? Nikamwambia mama, Bibi anakwepa foleni. Tukaingia mtaa mmoja unaofanana sana na wetu. Hata duka la pembeni lilifanana, na muuza duka alifanana, na alinisalimia kwa jina. Nikasema moyoni, siku hizi miji inajengwa kwa mfano mmoja.

Kisha Bibi akasema umefika unakokwenda.

Nilikuwa uani kwangu. Nyuma yangu msafara mzima, honi zinalia, vifijo. Mbele yangu kamba ya nguo, na kwenye kamba bukta zangu zote, kwa mpangilio. Mpiga picha akashuka mbio, akapiga. Ndiyo kazi yake.

Mama mkwe akauliza zile nguo za nani. Bibi harusi alisema tu baba mdogo, kwa sauti ndogo, halafu akaanza kulia, ukope wa kubandika ukashuka shavuni. Nikatazama saa. Msajili! Nikataka kugeuza gari, lakini utageuza vipi wakati msafara mzima umeziba mtaa, kila mmoja akifuata gari lenye utepe hata likienda wapi?

Tuliwatoa mmoja mmoja, kinyumenyume. Muuza duka aliongoza.

Tulipofika ukumbini saa ya msajili ilikuwa imepita kitambo. Nilipanda ngazi nikitafuta maneno ya kumwambia mama yake binti. Sikuyahitaji. Msajili alikuwa bado yumo. Alikuwa amebanwa pembeni, mkoba umefungwa, koti amevaa, na mbele yake amesimama Dira, akimweleza ule ukuta. Amemchorea mstari wa mpaka kwa chaki sakafuni. Kutoka kwenye ukuta alikuwa amekwisha kufika kwenye mto wa zamani, na msajili kila akiinua mguu anaambiwa subiri mzee, hujasikia bado walivyohamisha jiwe la pili.

Mtu yule anaweza kuongea. Nimekula naye miaka yote nikiomba anyamaze, na leo ningembusu kwenye kofia.

Walioana. Msajili alisaini kwa mbio za mtu anayetoroka. Bibi harusi alicheka hatimaye, akiwa na ukope mmoja tu. Mjomba wake, yaani Dira, alipigiwa makofi. Alipopita karibu yangu alisema shemeji, bukta zako zimekauka.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nimetulia. Nimefikiri. Nimepata jibu.

Bibi Ramani hana kosa. Aliombwa kijumba, akatupeleka kwenye kijumba, bila kukosea kona hata moja, na magari yote nyuma. Nani mwingine katika familia hii angeweza? Kosa ni la waliochora zile picha: majengo yote ya mji yana paa, kijumba kimoja kitatosha vipi? Mke wangu anasema jibu ni kusoma kitabu. Kitabu hakiwezi kutoka karakana, gundi haijakauka.

Jibu langu ni hili: kuanzia sasa kila mahali nitapahifadhi kwa kijumba. Karakana kijumba, soko kijumba, kwa mama mkwe kijumba. Nikiwa na picha moja tu sitachanganyikiwa tena. Mdogo wake bibi harusi ameshachumbiwa. Msafara ule ni wangu, hata kikao hakihitajiki.

Dira amepiga simu mchana. Jana aliwapeleka maharusi fungate, mji wa mbali. Anasema shemeji, huyu mama ana akili, nakubali. Amemtoa kwenye foleni mara mbili. Anasema walikuwa wakibishana kidogo mwanzoni lakini sasa wanasikilizana, na kwamba akimwambia kuna njia ya mkato, Bibi hamcheki. Atarudi taratibu, hana haraka, wanazungumza.

Nimekwenda karakana kwa miguu. Ufunguo wa gari anao Dira.