Bobi Alivyokula Mchele wa Mama Mkwe

Leo mbwa wangu amenivua nguo mbele ya kijiji kizima. Ndugu walimu mlioko Kibeta, nawaandikia mapema, kabla hamjaisikia habari hii kwa abiria wa basi wakiwa wameshaitia chumvi. Someni kimya kimya. (Najua mtasoma kwa sauti.)

Bobi mnamfahamu. Ni yule mwekundu aliyemchania mkaguzi wa shule suruali. Tangu mvua za vuli tumbo lake limegoma. Akila ndizi, anaharisha. Akila mfupa, anatapika. Akila senene, tunahamia nje sote! Bwana mifugo ametoka Muleba na pikipiki yake mara nyingi hadi majirani wakadhani nimenunua ng'ombe. Kwanza alisema ni minyoo. Kisha akasema ni sumu. Mwisho akakaa kwenye kigoda, akavua kofia, akaniambia ukweli.

"Mwalimu, tumbo hili haliponi. Linalelewa."

Kulelewa kwenyewe ni uji laini wa mchele kila siku, maini yaliyochemshwa bila chumvi wala mafuta, na vidonge ambavyo nimevipata kwenye duka moja tu la dawa, kule Miembeni, Bukoba mjini. Akivikosa, atakonda mpaka afe. Mshahara ukitoka, nusu yake inapanda basi kwenda Bukoba kwa ajili ya tumbo la mbwa. Mke wangu, Ma Koku, husema afadhali ningeoa mke wa pili, maana huyo angelima. Lakini nifanyeje? Nampenda Bobi. Nikirudi kutoka shuleni, nimechoka na makelele ya watoto, yeye peke yake ndiye anayenipokea bila kuniomba kitu. Siko tayari kumzika.

Basi leo asubuhi nikakuta mchele nilioununua mjini umekwisha. Ma Koku hayupo, alikwenda jana kwa mama yake kijiji cha pili kumsaidia kuanika kahawa. Nikachukua kikapu, nikaenda duka la kijiji.

Mnajua sisi hapa Ijumbi ni watu wa ndizi. Mchele ni wa Krismasi na wa wagonjwa. Na kwa kuwa siku hizi unaletwa kidogo, kamati ya kijiji imeamua wapewe wenye wagonjwa tu. Muuza duka, Ma Yustina, akanitazama juu ya mizani.

"Mchele wa nani, mwalimu?"

"Nina mgonjwa." (Hapo bado nilikuwa mkweli.)

"Mgonjwa gani?"

Nyuma yangu foleni ndefu, na mbele ya foleni hiyo amesimama Ta Petro, balozi wetu wa nyumba kumi. Ningesema mbwa? Wiki iliyopita tu Ta Petro alihutubia saa nzima juu ya kutopoteza chakula cha wajamaa. Nikatafuta haraka mgonjwa ambaye hakuna atakayeniuliza habari zake.

"Mama mkwe," nikasema.

Nilijiona mjanja! Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Nani angeniuliza anaumwa wapi, wakati hata kumwona siruhusiwi?

Ma Yustina akajishika mdomo.

"Amelala kwako? Nyumbani kwa mkwewe?"

"Ndiyo."

"Waitu! Basi hali ni mbaya."

Ndipo nikaelewa nilichofanya. Mama mkwe mwenye akili timamu halali chini ya paa la mkwewe. Ukisikia amelala hapo, ujue hajitambui. Nilikuwa nimemweka mama wa watu kaburini mguu mmoja! Ma Yustina akanipimia mchele, akaongeza. Muuza nyama akanipa ini zima bila foleni, machozi yakimlengalenga. (Nililipokea. Nani hukataa maini?)

Nikarudi, nikapika. Bobi akala, nikampa kidonge, nikamfunga tumbo kwa kanga ya Ma Koku, maana bwana mifugo anataka tumbo lipate joto. Nikamlaza chumba cha ndani, nikashusha pazia. Nikakaa kusahihisha madaftari, roho imetulia.

"Hodi!"

Ma Yustina huyo, na kibuyu cha maziwa. Nyuma yake wanawake na mikungu ya ndizi. Nyuma yao wengine na nyasi mbichi, wakazitandaza sakafuni kama kwa mgeni wa heshima. Akaingia katekista na rozari. Mwisho akaja Ta Petro na wanaume waliobeba machela.

"Tumeongea na dereva wa lori la kahawa," akasema Ta Petro. "Tunambeba mama hadi barabarani, anapelekwa hospitali."

"Amelala kidogo," nikasema. "Tusimwamshe."

"Wewe huwezi kujua kama amelala, mwalimu. Wewe ni mkwe. Kaa mbali na huo mlango, wanawake wataingia."

Mila niliyojificha nyuma yake ndiyo ikanitoa mlangoni.

Kabla hawajagusa pazia, ndani kukasikika mguno mrefu wa maumivu. Wote wakapiga magoti.

"Mama, unatusikia?" akauliza katekista.

Bobi akaguna tena.

"Anaitikia!" Ma Yustina akaanza kulia.

Rozari ikaanza. Salamu Maria haikufika katikati, ukatoka chumbani mlio mwingine, wa chini, wa kuburuta, na nyuma yake harufu. Katekista akasita. Akameza mate. Akaendelea kusali huku amebana pua.

"Maskini, ameoza tumbo," mwanamke mmoja akanong'ona.

Pazia likafunuka. Akatoka Bobi, amevaa kanga, mkia unacheza. Akapita katikati ya waliopiga magoti, akawanusa mmoja mmoja kwa adabu, akafika mbele ya Ta Petro, akachuchumaa, akaharisha kwenye nyasi mbichi. Matone mengine yakamfikia balozi kiatuni.

Jamani! Nilitamani dari lianguke.

"Nani anayekufa humu?" sauti ikauliza mlangoni.

Mama mkwe! Mzima, anahema, na Ma Koku pembeni yake. Kumbe jirani alikimbia kwenda kuwapa pole wafiwa, akamkuta marehemu anageuza kahawa juani. Aliponiona akajifunika kanga, akanipa mgongo. Nami nikampa wangu. Tukasimama hivyo mbele ya kijiji, na Ma Koku katikati.

"Mwambie mumeo mimi ni mzima."

"Mama anasema yeye ni mzima," akasema Ma Koku, akinitazama kwa jicho ambalo nitalikumbuka.

"Mwambie mama nimefurahi," nikajibu.

Nyumba ikapasuka kwa kicheko. Katekista alicheka hadi akakalia nyasi, na hakuchagua sehemu nzuri. Ta Petro peke yake hakucheka. Alikuwa anafuta kiatu.

"Mwalimu, wenzako wanajenga ujamaa, wewe unafuga mnyonyaji! Mchele wa kijiji, huyu hataugusa tena."

Hapo nikasahau aibu. "Ta Petro, akikosa uji atakufa," nikasema. Bobi alikuwa amelala miguuni pangu, mbavu zinahesabika. Kicheko kikapungua.

Mama mkwe, bado amenipa mgongo, akakohoa.

"Mwambie mumeo nina mpunga wangu kule bondeni. Si wa kijiji, ni jasho langu. Watu wameshanililia kwa ajili ya mbwa huyu, basi anipe nimlee mwenyewe. Yeye alete maini na vidonge kila Jumamosi. Na avilete mwenyewe, asimtume mtu."

Wanawake wakabeba ndizi zao, na maziwa yao pia. Bobi akaondoka na mama mkwe, kanga kiunoni, bila hata kugeuka kuniaga.

Hivyo kuanzia Jumamosi ijayo, mimi, mwalimu mwenye cheti, nitasimama migombani kwa wakwe, nimempa mgongo mama mkwe naye amenipa wake, na mke wangu katikati akinieleza, neno kwa neno, choo cha mbwa kilikuwaje wiki nzima. Chekeni tu, ndugu zangu. Ila atakayekuja kunicheka ana kwa ana, apitie kwanza Miembeni aninunulie vidonge.