Cyril wa Kimumu Auvamia Mwamba kwa Ajili ya Sweta

Nyamazeni, enyi mnaolala na soksi hapa Kimumu, Eldoret! Zimeni redio, msikie jinsi Cyril, simba wa sururu, jemadari ambaye hata balbu humshinda kubadilisha, alivyoitangazia ardhi vita.

Chanzo kilikuwa mama mkwe. Alikuwa anatoka Homa Bay, kwenye joto la ziwa, aje aketi sebuleni mwa Cyril kwa mara ya kwanza, tena Julai, baridi ya Eldoret ikitetemesha hata mbuzi. Shujaa akamwapia mkewe Akumu: "Mama akifungua sweta humu ndani, mimi ni mwanamume! Akiomba blanketi, nimekwisha!"

"Si uwashe tu jiko la makaa?"

"Jiko ni la wanyonge! Chini yetu umelala mwamba wa volkeno, na huko kinani baridi ya Julai haifiki. Nitazika bomba, hewa ipite humo ipate joto, niwapashe hata majirani!"

Akateremka shimoni. Udongo mwekundu ukasalimu amri. Mwamba mweusi ukakataa katakata, ukamvunjia sururu, ukamchuna viganja. Ng'ang'a, jirani mwenye duka, akasimama ukingoni kama balozi wa adui.

"Cyril, hiyo ni kaburi ama choo? Wale wa umeme wa Olkaria wako na mvuke wa ardhini. Wewe uko na jasho."

"Cheka! Duka lako litapata joto hata ukinuna!"

Hatimaye bomba likazikwa, feni ikafungwa mdomoni mwake sebuleni, na mama akawasili. Lakini lo! Kwa adabu ya Wajaluo, mkwe hamkodolei macho mama mkwe, seuze kumuuliza kama anasikia baridi. Basi jemadari akakaa pembeni akikagua dari, mkewe akiwa mpelelezi wake.

"Ameshika sweta," Akumu akanong'ona.

"Anafunga ama anafungua?"

"Tulia, baba."

Mama akauliza, "Akumu, hilo dude linalonguruma ni nini?"

"Ni joto, mama."

"Aa. Nilidhani ni posho mill inasaga unga."

Kisha, baada ya ugali, samaki, kuku na vikombe vya chai visivyo na idadi, mama akashusha pumzi, akafungua kifungo cha sweta. Kimoja. Cha juu.

"Ameshiba huyo," Ng'ang'a akasema dirishani.

Cyril hakumsikia. Alikuwa ametoka mbio, amepiga magoti juu ya bomba lake, analia kama aliyetwaa mji. Na iandikwe basi, vizazi visome: mwamba uliotemwa na volkeno kabla binadamu hajazaliwa, ukangoja milenia kwa milenia, siku hiyo Kimumu ulikishinda kifungo.